Uboho umeonekana safi, mbona dawa bado miaka miwili?

Swali: Binti yetu ana miaka 5. Alikutwa na saratani ya damu, lukemia kali ya limfoblasti, akalazwa na kupewa dawa kwa wiki 5. Kipimo cha uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kikaonyesha ugonjwa hauonekani tena. Tulishangilia, ndugu wakatupigia simu kutupongeza. Wiki iliyofuata daktari akasema bado kuna miaka 2 ya matibabu. Sasa chembe za damu zikishuka baba yake halali na mimi nalia, zikipanda tunapumua. Ndugu wengine wanasema mtoto amepona, tumpumzishe na dawa. Je, bado tuna haki ya kutumaini? Na yeye mwenyewe tumwambie nini?

Jibu: Pole sana mama, na pole kwa baba wa mtoto. Ndiyo, mna kila sababu ya kutumaini. Shida ni kwamba matumaini yenu mmeyafunga mahali pasipoyastahili. Yanapanda na kushuka na karatasi ya vipimo vya damu vya kila wiki, na kwa kipindi hiki karatasi hiyo inapima zaidi dawa zinavyofanya kazi mwilini kuliko saratani inavyokwenda.

Lukemia kali ya limfoblasti huwapata watoto kuliko saratani nyingine yoyote, na ni miongoni mwa zinazosikia dawa vizuri zaidi. Mahali ambapo dawa zote zinapatikana na mtoto akazimaliza, watoto wapatao 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa kinyume chake: hata mmoja kati ya 10 ilikuwa vigumu kumpata. Umri wa binti yenu nao unamsaidia. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 9 ambaye siku ya kwanza chembe zake nyeupe hazikufika 50,000 kwa mikrolita huanza katika kundi la hatari ya kawaida. Baada ya hapo madaktari hulirekebisha kundi hilo kwa mambo mengine: mabadiliko ya vinasaba ndani ya seli za saratani, kama seli hizo zilikutwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na jinsi zilivyoitikia dawa za mwezi wa kwanza.

Sasa, kwa nini miaka 2? Siku mtoto anapogunduliwa, mwilini mwake huweza kuwa na seli za saratani zinazofikia trilioni 1. Uboho ukitazamwa kwa hadubini na seli changa zikawa chini ya 5 kati ya 100, ugonjwa huhesabiwa kuwa umetulia, na zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hufika hapo baada ya awamu ya kwanza. Lakini hadubini haioni kila kitu. Mtoto ambaye uboho wake umeitwa safi kwa hadubini anaweza bado kubeba seli za saratani bilioni 10. Ndiyo maana siku hizi kuna kipimo kikali zaidi cha masalia ya ugonjwa, kinachoweza kutambua seli 1 ya saratani katikati ya seli 10,000 za kawaida. Jibu la kipimo hicho mwishoni mwa awamu ya kwanza ni mojawapo ya namba zenye uzito mkubwa kuliko zote mtakazopewa. Kama chini ya seli 1 katika 10,000 ndizo zilizobaki, hiyo ni habari njema kweli. Hata hivyo hakuna kipimo kinachohakikisha kwamba hazijabaki kabisa.

Historia imelithibitisha hilo kwa uchungu. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa ya aminopterini iliufanya ugonjwa utoweke kwa baadhi ya watoto. Ulitoweka kwa wiki au miezi, kisha ukarudi. Miaka karibu 20 iliyofuata ilikwenda hivyo hivyo: dawa mpya ilisafisha damu, familia ikafurahi, ugonjwa ukarudi, mara nyingi ukianzia kwenye utando wa ubongo, mahali ambapo dawa nyingi za mshipani hazifiki vya kutosha. Kisha Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude huko Memphis wakachanganya dawa kadhaa kwa awamu, wakaongeza tiba ya ubongo na uti wa mgongo, na hawakuacha dawa damu ilipoonekana safi. Karibu nusu ya watoto walioanza tiba hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 walipona. Kwa hiyo ndugu wanaoshauri mtoto apumzishwe wanapendekeza, bila kujua, njia ileile iliyokwisha kujaribiwa ikashindwa. Wanawapenda, msigombane nao. Waambieni tu: "Awamu ya kwanza imefanya ugonjwa usionekane. Zilizobaki ndizo zinazozuia usirudi."

Turudi kwenye karatasi ya vipimo. Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na seli za kawaida za uboho ni miongoni mwazo. Mara nyingi chembe hufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, kisha zinapanda. Kushuka huko kunatarajiwa. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi waziwazi: katika awamu ya mwisho, ile ndefu ya vidonge vya nyumbani, madaktari wengi hupanga dozi kwa makusudi ili nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikae kati ya 500 na 1,500 kwa mikrolita. Zikikaa juu sana wiki baada ya wiki, daktari anajiuliza kama dozi ni ndogo, au kama vidonge vinamezwa. Zikishuka chini ya 500, au chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya 50,000, dawa husimamishwa kwa muda, kisha zinarudishwa. Mzazi asiyejua hili hushangilia namba inayomfikirisha daktari na kulilia namba ambayo daktari ameipanga.

Mbele yenu kuna awamu ya kuimarisha tiba, yenye sindano za mgongo kadhaa. Ratiba nyingi huongeza baadaye kipindi kingine kikali kinachofanana na mwezi wa kwanza, na hapo ndipo familia nyingi huvunjika moyo, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuchangamka anadhoofika tena, na nywele zilizoota zinaanguka tena. Jueni mapema kwamba kipindi hicho kimo kwenye mpango kwa kila mtoto wa ratiba hiyo. Hakikuongezwa kwa sababu binti yenu ameharibikiwa.

Kisha vidonge, na hapa kazi kubwa inahamia mikononi mwenu. Merkaptopurini humezwa kila siku. Methotreksati ya vidonge humezwa mara moja kwa wiki. Tunarudia: mara moja kwa wiki. Kumpa kila siku kwa kukosea ni sumu, na watu wamekufa kwa kosa hilo hilo katika magonjwa mbalimbali. Chagueni siku moja, iandikeni kwa kalamu nene juu ya pakiti, na pakiti hiyo ikae mbali na ya kila siku.

Kuhusu merkaptopurini, utafiti uliofuatilia umezaji wa watoto ulionyesha kwamba waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni dozi 2 tu zilizokosekana. Dozi hazikosekani kwa uzembe. Zinakosekana kwa sababu baba alidhani mama amempa, mtoto alilala mapema, pakiti iliisha siku ya sikukuu, au mtoto anaonekana mzima kiasi kwamba dawa inasahaulika. Basi awepo mtu mmoja mwenye jukumu, saa ileile ya jioni kila siku, na kalenda ukutani inayowekwa alama baada ya kumeza, siyo kabla. Vikibaki vidonge vya wiki moja, nendeni mkachukue vingine. Akitapika au mkisahau, msirudie dozi kwa kukisia na msimpe mara mbili kesho yake. Pigeni simu mkaulize. Anayeshika vidonge avae glavu au anawe mikono mara baada ya kuvigusa, visisagwe ovyo jikoni, na mjamzito asivishike.

Homa ndiyo sehemu ambayo tungependa muisome mara mbili, kwa sababu katika miaka hii maambukizi ni miongoni mwa mambo yanayoua watoto ambao saratani yao tayari imeshikwa. Mtoto mwenye nyutrofili chini ya 500 anaweza kuanza homa jioni na kuwa mahututi alfajiri. Nyuzi 38.0 kwenye kipimajoto maana yake ni simu na safari ya hospitali wakati huo huo, usiku au mchana, hata kama anacheza. Baadhi ya vituo husema 38.0 iliyodumu saa moja au 38.3 mara moja. Ulizeni kituo chenu kinatumia kipi, na msipokuwa na jibu tumieni 38.0. Antibaiotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya dakika 60 tangu mfike, kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.

Msimpe parasetamoli kwanza ili "tuone kama itashuka". Itashuka kweli, na maambukizi yatabaki. Aspirini na ibuprofeni asipewe bila ruhusa ya daktari wake, kwa sababu huzuia chembe za kugandisha damu kufanya kazi, na anazo chache. Kipimajoto kiwekwe kwapani au kama hospitali ilivyoelekeza, kamwe kisiwekwe njia ya haja kubwa, na dawa za kupachika huko pia zisitumike, kwa sababu mchubuko mdogo tu ni mlango wa bakteria. Kumbukeni pia kwamba akiwa kwenye steroidi, yaani deksamethasoni au prednisoloni, anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kabisa. Kwa hiyo akipauka, akilegea, mikono ikawa ya baridi, tumbo likauma sana, au akatetemeka baada ya mpira wake wa kwenye mshipa kusafishwa, nendeni bila kusubiri namba.

Kosa linalotokea mara nyingi mapokezini ni mtoto kuonekana ana homa ya kawaida na kuambiwa asubiri foleni. Wekeni kadi kwenye mkoba wenye maneno haya, na yasemeni kwa sauti mkifika: "Huyu ana lukemia, yuko kwenye tiba, ana homa, na chembe zake nyeupe zinaweza kuwa chini. Anahitaji antibaiotiki sasa." Mkoba huo uwe tayari muda wote, na ratiba ya dawa zake na majibu ya mwisho ya damu yawe ndani.

Akikaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga au surua, toeni taarifa siku hiyo hiyo. Kuna kinga ya dharura inayofaa ikitolewa mapema, na ikichelewa haisaidii sana. Yeye mwenyewe hapaswi kupata chanjo zenye virusi hai wakati wa tiba. Ndugu zake waendelee na chanjo zao, ila ya polio ya matone ulizeni kwanza. Dawa ya kotrimoksazoli, anayopewa siku 2 au 3 kwa wiki, inazuia nimonia ya aina hatari. Isiachwe eti kwa sababu "siyo ya saratani".

Madhara mengine mtayaona. Vinkristini, dawa ya saratani ya mshipani, huleta kufunga choo, maumivu ya taya na miguu, na wakati mwingine mtoto huanza kuburuza nyayo au kujikwaa. Semeni mapema, mazoezi ya viungo husaidia. Steroidi humfanya awe na njaa ya usiku wa manane, hasira na machozi bila sababu. Hajaharibika tabia, na kwa kawaida hutulia siku chache baada ya kuiacha. Ila maumivu makali ya tumbo yenye kutapika, au kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa au degedege katika wiki anazopewa asparajinesi, dawa nyingine ya sindano, ni dharura: dawa hiyo inaweza kuvimbisha kongosho au kugandisha damu kwenye mshipa wa ubongo.

Kama kuna anayewaletea mitishamba, jibu letu ni hapana kwa kipindi hiki. Hatusemi hivyo kwa dharau. Merkaptopurini na methotreksati zinalichosha ini, na kitu cha ziada kinacholiumiza humlazimu daktari kusimamisha zile dawa ambazo ndizo zinazomponya. Maombi na dua havigongani na dawa yoyote. Anayetaka kusaidia mpeni nafasi hiyo, au mpeni kazi ya kukaa na watoto wengine siku ya kliniki.

Umeuliza mumwambie nini. Mtoto wa miaka 5 asipoambiwa hutunga maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli: kwamba anaadhibiwa, kwamba atawaambukiza wadogo zake, kwamba ataachwa hospitali. Mwambieni jina la ugonjwa. Mwambieni: "Damu yako imeumwa. Hukufanya kosa lolote. Huwezi kumwambukiza mtu. Dawa zinakusaidia, na nyingine zinakufanya ujisikie vibaya kwa muda." Msimwambie haitauma kama itauma, wala msimpeleke kliniki kwa kumwambia mnakwenda kutembea. Mkimdanganya mara moja, sindano zote zinazofuata huwa vita. Mpeni uchaguzi ulio wa kweli: mkono upi, akae au alale, ahesabu au asikilize hadithi. Ulizeni kama kuna mafuta ya ganzi ya kupaka kabla ya sindano, na kama sindano za mgongo zinaweza kufanywa akiwa amelazwa usingizi. Akiuliza kama atakufa, na watoto wa umri huu huuliza, muulizeni kwanza amesikia nini. Kisha: "Ugonjwa huu ni mkubwa, ndiyo maana tunakunywa dawa kila siku. Watoto wengi wanapona. Madaktari na sisi tunafanya kazi ili na wewe upone." Hakuna uongo katika maneno hayo.

Na ninyi wawili? Baba asiyelala kwa wiki kadhaa anahitaji msaada kama mgonjwa mwingine yeyote. Mwambieni daktari au ofisa ustawi wa jamii wa wadi. Wengine hupata nafuu kwa kugawana: mmoja anapokea majibu ya damu, mwingine haambiwi namba, anaambiwa tu kama dawa zinaendelea au zimesimama. Daftari la nyumbani litoshe kwa mambo matatu: dozi zilizomezwa, joto, na maswali ya kuuliza.

Lipo jambo moja linaloweza kuharibu yote haya, nalo ni kukatiza tiba. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kufikisha uponaji wa saratani za watoto angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo uponaji bado uko chini ya asilimia 30, na sababu mojawapo ni familia kushindwa kuendelea. Wataalamu huhesabu tiba kuwa imeachwa mtoto anapokosa wiki 4 mfululizo za tiba iliyopangwa, na kwa kawaida huanza na nauli iliyokosekana mara moja, kisha aibu ya kurudi. Mkiona fedha, kazi au usafiri unaelekea kushindikana, semeni kabla ya tarehe haijapita. Na kama imepita, rudini kesho yake. Hakuna daktari wa watoto hawa ambaye hatafurahi kuwaona.

Je, ugonjwa unaweza kurudi hata mkifanya kila kitu? Ndiyo, kwa watoto wachache, na si kosa la mzazi. Hata hapo njia zipo: dawa kali zaidi, kupandikiza uboho, na tiba zinazotumia kinga ya mwili yenyewe. Ugonjwa unaorudi miaka 3 au zaidi baada ya kugunduliwa hutibika vizuri kuliko unaorudi mapema. Hatari yenyewe hupungua kadiri miaka inavyopita baada ya kumaliza dawa. Mwishoni mwa 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa kwa watoto wenye lukemia hii ya aina ya B, inayoanzia kwenye chembe nyeupe ziitwazo B, walio katika kundi la hatari ya kawaida: walioongezewa blinatumomabu, mojawapo ya tiba hizo za kinga ya mwili, watoto 96 kati ya 100 walikuwa bila ugonjwa miaka 3 baadaye, na wasioongezewa walikuwa karibu 88. Dawa hiyo haipo kila mahali na si kila mtoto anaihitaji, lakini kuiulizia kuna maana.

Kliniki ijayo nendeni na maswali haya yameandikwa: Binti yetu yuko kundi gani la hatari, na kwa sababu zipi? Masalia ya ugonjwa mwishoni mwa awamu ya kwanza yalikuwa kiasi gani? Awamu ya sasa inaisha lini, na ipi ndiyo kali zaidi kati ya zilizobaki? Nyutrofili zake mnazitaka ziwe ngapi? Na saa 8 usiku, joto likiwa 38.0, tumpigie nani? Jibu la swali hilo la mwisho libandikwe mlangoni na lihifadhiwe kwenye simu zenu zote mbili kabla hamjaondoka hospitali.